Gramafoni ya Gunia

Walisema hataweza. Walisema santuri haizunguki bila betri wala springi, na kwamba anayetaka kuizungusha kwa uzito wa gunia ni sawa na anayemkodolea ng'ombe macho akitegemea maziwa. Walisema hata ikizunguka, hakuna mtu wa Samuye atakayeacha ngoma akasimame mbele ya vyuma chakavu. Na baada ya siku ile ya aibu, ambayo nitaifikia, walisema jambo la tatu, na hilo walilisema kwa uhakika kuliko yote: kwamba Fundi Mizani hatarudisha hata msumari mmoja wa watu.

Nami waliniambia sitaweza. Leo nina stashahada ya ufundi mitambo. Nimeitia fremu na kuitundika katika karakana yangu pale Shinyanga mjini, mahali ambapo mteja akiingia ataiona yeye kwanza, kisha ndipo anione mimi. Nilijisomesha. Sikushikwa mkono na mjomba wala na chama. Mchana nilibeba mizigo Dar es Salaam, jioni nikaenda darasani na vumbi la saruji masikioni, na nikarudi kwetu kwa treni na cheti nimekifunga ndani ya shuka ili kisipate mkunjo. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayesimulia si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefungua injini za meli. Nimepanga gia za mashine ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa. Na bado mashine ninayoikumbuka kuliko zote ni ile iliyoendeshwa na gunia la pamba.

Tulimwita Fundi Mizani kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Msimu wa pamba ukifika alipanda baiskeli akazunguka vituo vya kununulia, akisafisha visu vya mizani, yale makali yanayobeba mkono wake, akinyoosha mishale iliyopinda, akigonga hapa na pale kwa nyundo ndogo isiyozidi kidole gumba. Msimu ukiisha alitengeneza mizani za maduka ya mjini. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na ukizungumza naye alifumba jicho moja, kama anavyofanya mtu anayesoma mshale. Wageni walidhani anawadharau. Mama Kulwa, jirani yetu muuza mandazi, ambaye ulimi wake haukuwa na pazia, alisema Fundi hasikilizi maneno yako, anayapima.

Alikunywa chai bila sukari, lakini alitaka kisosi cha sukari kiwekwe mezani. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba chai yake iwe chungu kwa kupenda, isiwe chungu kwa kukosa.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Mizani haina shemeji." Aliusema vituoni, makarani wakiwepo na wakulima wakiwepo, na kila upande ukadhani unasemwa upande wa pili. Lakini mtu huyohuyo hakuruhusu mizani itumike nyumbani kwake hata siku moja. Wakwe zake walipoleta nyama, na mtu mmoja akataka kujua ni kilo ngapi, Fundi alichukua mizani yake akaenda kuificha nyuma ya nyumba. Mkewe alipotaka kurudisha unga walioazima kwa Mama Kulwa, akausawazisha kwa ukingo wa bakuli ili urudi sawa na ulivyokuja, alimwambia aongeze mpaka uwe mlima. "Cha kuazimwa hakipimwi," alisema. Kwake yeye, kupima kitu ulichopewa na jirani mbele ya jirani huyo ilikuwa sawa na kumpekua mifuko. Na si yeye peke yake. Kwetu Usukumani wazee wengi ndivyo walivyokuwa. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na mizani.

Nikiendelea kumsifu tu nitakuwa nadanganya. Mtu aliyeweza kuona mshale umekosea kwa upana wa unywele hakuweza kushika ahadi ya siku. Kesho yake ilikuwa wiki, wiki yake ilikuwa mwezi. Tena alikuwa mwazimaji mkubwa. Fedha hakukopa hata senti, lakini vitu aliazima kama wengine wanavyosalimia. Alikuwa akiingia nyumbani kwa mtu, akaona kitu kimekaa tu, akafumba jicho moja, na hapo mwenye nyumba alijua kimeondoka.

Hivyo ndivyo gramafoni ilivyozaliwa.

Miaka hiyo ya sabini betri zilikuwa zimeadimika madukani, na gramafoni za kuzungusha kwa mkono zilizobaki zilikuwa zimekatika springi. Watu walikuwa na santuri za rumba zimelala makabatini kama sahani za wageni wasiokuja. Wakati huohuo manju mmoja wa Samuye, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma, alikuwa na msiba wake. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja siku moja, na hushinda lile linalovuta watu wengi. Mwaka uliotangulia wapinzani wake walikuwa wameleta fisi aliyefungwa kamba. Watu wote wakahamia kwa fisi. Manju akaja mjini kwa Fundi, akakaa juu ya ndoo, akasema, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "Ngosha, nataka kitu ambacho fisi mwenyewe akikisikia ataacha kamba aje kwangu."

Fundi akafumba jicho.

Mama Kulwa alimwazima gurudumu la baiskeli ya marehemu mumewe, pamoja na mnyororo na meno yake. Mhindi mwenye duka, ambaye mimi nilikuwa karani wake, alimwazima sahani kubwa ya shaba ya mizani ya zamani ya babu yake. Manju alitoa nguzo tatu ndefu na kamba ya ngozi. Mimi nilimwazima kichwa cha gramafoni chenye sindano, ambacho nilikuwa nimekinunua kwa mishahara yangu miwili, na ambacho nilikuwa nakilaza chini ya mto.

Nguzo zilisimamishwa kama mafiga matatu yaliyoegemeana vichwa. Juu ilining'inia kamba yenye uzito. Uzito ulipokuwa ukishuka, kamba ilizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha meno madogo, na meno yakazungusha ile sahani ya shaba, ambayo santuri ililazwa juu yake. Ili uzito usianguke kwa kasi, kulikuwa na mapezi mawili ya bati yaliyopiga hewa na kuzuia mwendo. Sauti ilitokea kwenye tarumbeta ya bati la kuezekea. Santuri ikiisha, wachezaji wawili walivuta kamba na uzito ukapanda tena. Hakuna betri, hakuna springi. Nimeona picha za mashine za muziki katika vitabu vingi. Ya namna hiyo sijaiona tena.

Uzito wenyewe ulitoka kwa Baba Limi, mkulima wa palepale Samuye. Alikuwa amepeleka gunia la pamba kituoni, karani akalipima na kuandika hamsini kwa chaki ya buluu, lakini ghala lilikuwa limejaa, akaambiwa alirudishe nyumbani mpaka lori lije. Akasema Fundi alitumie kwa hizo siku chache. Fundi alisoma ile hamsini, akashukuru, "Wabeja sana," akalitundika. Alikuwa na mizani tatu kwenye baiskeli yake. Hakuigusa hata moja.

Siku tatu kabla ya ngoma aliijaribu pale uwanjani. Aliyakunja mapezi, akayanyoosha, akayakunja tena, mpaka sahani ikazunguka mara sabini na nane kwa dakika, kama santuri zile zinavyotaka. Mimi ndiye niliyehesabu, kwa saa yangu ya mkono na alama ya chaki kwenye ukingo wa sahani. Mwimbaji wa santuri aliimba kwa sauti yake mwenyewe, na Manju akatembea kuzunguka zile nguzo akicheka peke yake. Gunia likabaki limetundikwa juani.

Siku ya ngoma watu walikuja kutoka vijiji vya mbali. Fisi alikuwepo upande wa pili, lakini watu walisimama upande wetu, wamebanana, wakiangalia gunia. Karani wa kituo cha pamba alikuwepo pia, mstari wa mbele, akitafuna muwa. Fundi akaachia kamba.

Mwimbaji alianza kwa sauti nzito. Kisha ikawa nzito zaidi, ikaburuta kama fahali mwenye mafua. Watu kwanza walinyamaza, wakidhani labda ndivyo ilivyo. Kisha mtu mmoja akasema huyo anayeimba apewe uji, na uwanja mzima ukacheka. Fundi alikunja mapezi yakawa madogo. Haikusaidia kitu. Manju alimwambia aongeze jiwe, alifunge kando ya gunia. Fundi akatikisa kichwa. Alilisogelea gunia, akaliwekea viganja viwili chini, akalinyanyua kidogo. Mikono yake ikakaa pale. Akafumba jicho moja, akamtazama Baba Limi, na Baba Limi akatazama miguu yake mwenyewe.

Niliyaona haya kwa macho yangu na sikuelewa kitu, nami ndiye niliyejiona mwerevu kuliko wote mtaani.

Fundi akachomoa kisu akakata kamba. Gunia likaanguka, likapasuka, na upepo ukaichukua pamba ya Baba Limi ukaisambaza miguuni mwa watu, ikakanyagwa vumbini. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimekosea hesabu." Watu wakahamia kwa fisi.

Kesho yake asubuhi wadai walifika kwake, na ninasema kwa aibu kwamba wa kwanza nilikuwa mimi. Nilifungua kichwa changu cha gramafoni kwa mkono wangu, nikakifuta kwa leso, nikaondoka bila kumwamkia. Wengine hawakuwa na cha kuchukua. Gurudumu la marehemu lilikuwa limekatwa, sahani ya shaba ilikuwa na tundu katikati, kamba ya Manju ilikuwa vipande viwili, na pamba ilikuwa vumbi. Mhindi aliinua sahani ya babu yake, akachungulia kupitia lile tundu, kama darubini, akarudi dukani. Mama Kulwa ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Alimwambia kwamba mume wake alikufa mara moja tu, lakini leo ameuawa tena.

Fundi aliwajibu kwa maneno manne. "Nitarudisha. Lakini si leo." Na kwa kuwa kesho yake tuliijua, tulicheka. Mwezi uliofuata alifunga vyombo vyake kwenye baiskeli, akabeba zile nguzo tatu kwenye lori la watu wa Chato, akaondoka. Makarani wa pamba walikuwa wameacha kumpa kazi. Nani ampe mizani yake mtu aliyekiri mbele ya umati kwamba hajui hesabu?

Mimi niliapa sitakuwa kama yeye. Nitasema ukweli hata kama unanipunguzia sifa: nilikwenda shule kwa kumkimbia Fundi Mizani. Kila nilipochoka darasani nilikumbuka ile sauti ya fahali, nikafungua daftari tena. Mwaka wa pili mwalimu alichora ubaoni kifaa kinachoitwa gavana: vyuma viwili vinavyotanuka mashine ikienda kasi na kubana mwendo, vikajikusanya ikienda polepole na kuuachia. Nikasema moyoni, hiki ndicho kilichomponza yule mzee. Mapezi ya bati hayawezi kujirekebisha uzito ukibadilika. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Kilichonipita ni kujiuliza kwa nini uzito ubadilike.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kabla mwaka haujaisha nikaitwa upande wa Geita kutengeneza pampu ya maji ya wachimbaji wadogo. Nilipokaribia machimbo niliona nguzo tatu zimesimama juu ya kilima, zimeegemeana vichwa. Nilisimama katikati ya njia na begi langu.

Zilikuwa juu ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mtu mnene alikuwa akiingia, amekalia kipande cha ubao kilichofungwa kamba. Akashuka taratibu, bila mtu kushika kamba, kama anayeteremka ngazi. Baada yake akashuka kijana mwembamba kama ufito, naye akashuka kwa mwendo uleule. Nilitoa saa yangu. Ndiyo tabia yangu. Hapakuwa na tofauti ya kuhesabika. Nikamuuliza mchimbaji mmoja hicho ni kitu gani.

"Gramafoni," akanijibu, kana kwamba nimeuliza jina la jua. "Kabla ya hiyo tulikuwa tunashuka kwa kushikiliwa na wenzetu. Wakiteleza, basi. Tangu mzee aiweke, hatujazika mtu wa kamba."

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akinoa tindo. Nywele zilikuwa zimegeuka pamba. Nikamwamkia shikamoo, kwa sauti kubwa, ile niliyomnyima siku ile.

"Marahaba," akasema, akafumba jicho. "Umenenepa. Zamani ningekushusha kwa uzi."

Nilimweleza habari zangu zote. Nilimweleza kuhusu chuo, bandari, karakana, na mwisho nikamwambia kwamba sasa nina stashahada.

"Ina uzito gani?"

"Sijaipima, Mzee."

"Vizuri," akasema.

Aliniruhusu nifungue sanduku la gia. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vya kutanuka na kujikusanya, vimechongwa kwa tindo kutoka kwenye springi ya lori. Hakuwahi kukaa mbele ya ubao ule niliokaa mimi. Nikamwambia kwa heshima kwamba kumbe aligundua kosa lake, kwamba ile ya kwanza ilikosa gavana.

"Ile ya kwanza ilikosa kilo," alisema. "Gunia lilikuwa na maji. Lilinyunyiziwa kabla ya kupelekwa kituoni, likapimwa bichi, likaandikwa hamsini. Mimi nimelitundika juani siku tatu. Lingebaki hamsini kwa dawa gani?"

Nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema, au angalau kwa nini hakuongeza lile jiwe la Manju.

"Ukifunga jiwe, kila mwenye macho anajua kilichopungua ni gunia. Na karani yuko pale na muwa wake. Pamba yote ya Baba Limi ingekataliwa msimu ule, na ana watoto sita." Akageuza tindo upande wa pili. "Halafu, mtu amenipa kitu chake. Nisimame mbele za watu nimpime? Hapana. Kosa lilikuwa langu, nilitengeneza mashine inayoamini gunia. Hii haiamini mtu. Uwe mnene, uwe mwembamba, uwe na maji, inakushusha sawa."

Kisha akaniuliza kama siku ya ngoma za mavuno Samuye bado ni ileile. Wachimbaji walikuwa wanamlipa kwa mafungu ya mawe ya dhahabu, naye alikuwa ameweka kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo, akinunua kitu kimoja, akikifunga, akisubiri kingine. Kilichokuwa kimebaki kilikuwa usafiri. Nilikuwa nimekuja na gari la pampu.

Tuliingia Samuye watu wakiwa wameshakusanyika. Fundi hakusalimia wengi. Alishusha zile nguzo tatu pamoja na gia na tarumbeta (wachimbaji alikuwa amewatengenezea nyingine), akazisimamisha palepale, kisha akamwita kila mtu kwa zamu. Mama Kulwa, ambaye tulimpitia mjini, alipewa baiskeli nzima, mpya, karatasi zake za dukani hazijatolewa. Aliizunguka mara mbili akitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa. Mhindi alikuwa amefariki, lakini mwanawe alikuja, akapewa sahani ya shaba iliyofuliwa upya huko Geita, haina tundu. Manju, mzee sasa, alipewa kamba ya ngozi ndefu kuliko ile ya kwanza. Aliivuta kwa mikono yote miwili kuona kama itakatika, na ilipokataa akacheka kicheko chake cha zamani.

Mwisho akamwita Baba Limi. Akateremsha gunia kutoka garini, na ubavuni paliandikwa hamsini kwa chaki ya buluu. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani mwangu. Alitoa mizani akaitundika kwenye nguzo, mbele ya jirani yake, mbele ya watu wote.

"Cha kuazimwa hakipimwi," alisema. "Cha kulipa kinapimwa."

Mshale ukasimama kwenye hamsini.

Baba Limi aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye bega. Akautoa, akaziangalia nyuzi za pamba kiganjani. "Kavu," alisema.

"Kavu."

"Yangu haikuwa kavu."

"Paliandikwa hamsini, Baba Limi. Nalipa kilichoandikwa."

Nadhani wengi walielewa pale pale, na waliochelewa walieleweshwa kwa viwiko. Baba Limi alivua shati lake, akalitandika chini, akaanza kutoa pamba kwa kukumbatia, kumbato moja baada ya jingine, akitazama mshale. Ulipofika thelathini na tisa akaacha. Akafunga mdomo wa gunia, akafunga shati pamoja na ile pamba iliyozidi, akampa Fundi kwa mikono miwili. "Hii siyo yangu," alisema. "Na hesabu hukukosea wewe."

Fundi alipokea. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

Mimi sikuwa namdai kitu, lakini nilikuwa na deni, nalo lilikuwa mfukoni mwangu, limefungwa kwa leso. Nilikifunga kile kichwa cha gramafoni mahali nilipokifungulia miaka ile, na mwana wa Mhindi, bila kuombwa, akarudisha sahani ya babu yake juu ya gia. Baba Limi mwenyewe akatundika gunia lake, lile la kilo thelathini na tisa. Fundi akaachia kamba.

Mwimbaji aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Mama Kulwa akaegesha baiskeli, mabega yakaanza kwenda. Upande wa pili wa uwanja watu wakaanza kugeuza vichwa, mmoja, kisha watatu.

Fundi akaniuliza, bila kunitazama, saa yangu inasemaje. Nikahesabu alama ya chaki mpaka dakika ikatimia.

"Sabini na nane, Mzee."

"Basi," alisema, "nimemaliza kulipa." Akaketi chini kusikiliza.